Kaa amekufa, au amejivua gamba?

SWALI

Assalaam aleikum wataalamu wa safu hii,

Naomba msaada kabla sijawamaliza kaa wa mwanangu Nasra. Tuna tangi la kioo la maji ya bahari, urefu sentimita 60, upana 30, na kina cha maji kama sentimita 30. Ndani mna mawe, mchanga, pampu moja, samaki wawili wadogo wa milia, na kaa sita, wale wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Watano wana miguu ya kijani iliyokolea yenye mistari ya buluu. Wa sita ni wa hudhurungi, gando lake la kushoto ni kubwa kuliko la kulia, na ncha yake ni nyeupe. Wote tuliwanunua kwa muuzaji wa samaki wa mapambo. Tangi lina miezi saba na halikuwahi kutusumbua.

Wiki tatu zilizopita niliamka nikamkuta mmoja amelala mchangani nje ya kombe, mzima mzima: miguu, magando, vipapasio, hata macho. Nikajua amekufa, nikamtupa. Jioni Nasra akahesabu makombe, akasema yanayotembea ni matano na la sita limejificha nyuma ya jiwe na lina mtu ndani. Nikamwambia amekosea. Wiki iliyopita nikakuta mwingine nje ya kombe, mkia wake wa waridi, ananuka, na maji yameanza kuwa na ukungu. Huyo tulimzika. Sasa kuna wa tatu: tangu juzi hatembei, ametoka nusu nje ya kombe chini ya jiwe, miguu imepauka, gando moja halipo. Yule mwenye ncha nyeupe hamwachi, kazi yake ni kumvuta kombe.

Kila mtu ana lake la kuniambia. Mjomba wake Nasra anasema nibadilishe maji yote. Muuzaji anasema samaki wana vidoa vyeupe, nitie dawa ya buluu, pamoja na matone ya aidini ili kaa wajivue vizuri. Dawa ninayo lakini sijaitia. Mtandaoni nimesoma kwamba kaa anayejivua gamba azikwe kwenye mchanga wenye unyevu.

Mengine ambayo huenda yakawasaidia: kwa sababu ya joto la kaskazi nimeondoa kifuniko cha tangi, sasa ni wiki tano. Maji hushuka kama sentimita moja na nusu kila wiki, nami huyajazia kwa maji ya bahari ninayoteka ufukweni. Kila mwezi hubadilisha lita 10. Mchana kipimajoto husoma 30. Sina kipimo cha chumvi. Chakula chao ni punje za samaki, na mara nyingine mkate. Makombe ya ziada yapo matatu, nilinunua kwenye duka la vinyago, yamepakwa vanishi.

Je, nitajuaje aliyekufa na aliyejivua? Nimtenge huyu wa tatu? Na kosa liko wapi?

Mama Nasra, Kisauni, Mombasa

JIBU

Waleikum salaam Mama Nasra. Tuanze na huyo wa tatu, maana yeye ndiye hana muda.

Usimshike na usimvute. Kwa hali uliyoieleza yuko katikati ya kujivua au amemaliza muda si mrefu, na mwili wake wote sasa ni laini. Ukimwinua kwa mguu, mguu utabaki mkononi mwako. Wa kumshika ni yule mwenye ncha nyeupe. Mkamate kwa kombe lake, umtie ndani ya bakuli la plastiki lenye matundu ya milimita tatu hivi pande zote, kisha uliningʼinize bakuli hilo ndani ya tangi hilo hilo, mdomo wake ukiwa juu ya maji. Matundu hutobolewa kwa msumari uliopashwa moto. Suuza bakuli kwa maji ya tangi, bila sabuni. Mpe kombe moja la kuchezea na umwache humo siku saba. Kumfunga mchokozi ni salama kuliko kumhamisha mgonjwa, na kwa maelezo yako mchokozi ni mmoja tu. Anafanana na Calcinus laevimanus, kaa wa kawaida wa miamba ya pwani hii, na tabia ya kuwapokonya wenzake makombe si ngeni kwake.

Wale wenye mistari ya buluu wakianza nao kumkusanyikia, mfunike mgonjwa pale pale alipo. Chujio la chai la plastiki lisilo na waya hata kidogo linatosha, au kitako cha chupa ya soda ya lita moja na nusu kilichotobolewa vivyo hivyo. Ukingo uzame mchangani sentimita moja, juu yake weka kijiwe lisielee. Kama ni lazima kabisa ahame, ingiza kikombe ndani ya maji, msukume taratibu aingie pamoja na kombe lake, na asitoke kwenye maji hata sekunde moja. Zima taa ya tangi siku mbili. Usimtilie chakula siku mbili za mwanzo, hatakila, kitaoza. Lakini ukiona gamba lake kuukuu karibu naye, liache, kwa sababu atalila. Chokaa iliyomo humo ndiyo ya kwanza anayoitumia kukaza gamba jipya.

Sasa tuje kwa wale wawili wa mwanzo. Nasra alihesabu sawasawa. Ulichokitupa wiki tatu zilizopita lilikuwa gamba tupu, na mwenyewe alikuwa nyuma ya jiwe akingoja kukomaa. Kosa hili hufanyika kwenye matangi mengi kwa sababu gamba la kaa hutoka zima, na kila kiungo kina chake: magando, vipapasio, macho, mpaka utando wa ndani ya tumbo la chakula na vijinyuzi vyeupe vya matamvua. Ukilitazama juu juu ni kaa kamili.

Litazame kwa karibu. Chukua kijiko, liinue ndani ya maji, ulielekeze kwenye mwanga. Gamba tupu ni jepesi, hupeperushwa na mkondo wa pampu. Miguu yake ina uwazi ndani, mwanga hupenya. Macho ni vikombe viwili visivyo na rangi, wakati macho ya kaa aliyekufa bado ni meusi. Mgongoni, pale gamba gumu la mbele linapokutana na mkia laini, utaona mpasuko. Hapo ndipo alipotokea. Nyuma ya mpasuko hakuna nyama, labda utando mwembamba uliojikunja. Kaa aliyekufa ni mzito, mkia wake umejaa, mwanzoni wa waridi au kahawia kisha wa kijivu, na siku ya pili pua yako itamaliza ubishi. Kwa hiyo yule uliyemzika alikufa kweli, na ulifanya vyema kumtoa mara moja. Kwenye maji machache kama yenu kaa mmoja anayeoza anaweza kupandisha sumu ya amonia kwa siku moja, na ule ukungu huenda ulitokana na hilo.

Pale usipokuwa na hakika, mathalani kaa amejikunja ndani ya kombe na hajitokezi, mulika kwa tochi ya simu kutoka upande, unuse maji yaliyo mdomoni mwa kombe, na ungoje saa 48. Kaa wengi hutupwa wakiwa hai kwa kukosa subira ya siku mbili.

Kujivua gamba si ugonjwa. Gamba halikui, kaa ndiye anayekua, kwa hiyo kila kikomo kinapofika hana budi kulitoka. Wadogo wenye makombe ya sentimita mbili, wakila vizuri, hujivua karibu kila mwezi mmoja au miwili. Wakubwa huchukua miezi kadhaa. Dalili huanza mapema: hula kwa pupa kisha huacha kabisa, hutafuta pembe yenye giza, rangi hufifia, macho huwa na ukungu. Ndani ya mwili wakati huo gamba jipya laini linatandazwa chini ya lile la zamani, na sehemu ya madini ya zamani inanyonywa kurudi kwenye damu.

Siku yenyewe ikifika kaa hunyonya maji mengi akavimba, na uvimbe huo ndio unaopasua gamba pale mgongoni na kutanua jipya kabla halijakaza. Hujirudisha nyuma, akichomoa mguu mmoja mmoja. Kwa hawa wadogo kazi huisha kwa dakika chache hadi saa kadhaa. Anachohitaji kaa saa hiyo ni maji ya kuvimbia, na maji yakiwa na chumvi kupita kiasi humnyangʼanya badala ya kumpa. Atakwama njiani, magando yakiwa bado ndani ya gamba la zamani. Atajinyofoa na kuacha kiungo, au atachoka na kufa.

Na maji yenu yana chumvi kupita kiasi, hatuna shaka nalo hata bila kipimo. Maji yanapokauka, chumvi haiondoki nayo. Tangi lenu ni la lita 54 kwa hesabu ya vipimo. Ukitoa nafasi ya mawe na mchanga zibaki kama 45. Maji ya bahari yetu yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Sentimita moja na nusu inayopotea kila wiki ni lita 2.7 za maji matupu. Wewe unarudisha lita 2.7 za maji ya bahari, yaani unaongeza gramu 94 za chumvi kila wiki, karibu vijiko vitano vya mezani. Wiki tano ni gramu 470. Ukipunguza kile kilichotoka ulipobadilisha lita 10, tangi liko karibu na gramu 43 kwa lita. Samaki wanaweza kuvumilia hali hiyo kwa muda wakionekana wazima. Kaa asiyejivua naye huvumilia. Anayejivua hawezi, ndiyo maana unaona maafa kwa mmoja mmoja badala ya wote siku moja.

Kuanzia leo maji yanayokauka yarudishwe kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya bahari yabaki kwa ule ubadilishaji wa lita 10 tu. Piga mstari wa kalamu kwenye kioo pale maji yanapopaswa kufika, na kila asubuhi ujazie mpaka mstarini. Kwa kasi yenu ya sasa ni kama mililita 400 kwa siku. Kujazia kidogo kila siku ni bora kuliko lita tatu kila Ijumaa.

Maji gani? Ya kisima cha Mombasa hapana, mengi yana chumvichumvi na uchafu wa mashimo ya vyoo. Ya mvua kutoka kwenye mabati pia hapana, kwa sababu ya zinki. Chukua yale ya vituo vya kujazia mitungi ya lita 20, yanayochujwa kwa mashine ya RO, ile yenye utando unaozuia chumvi. Kwa kasi ya sasa mtungi mmoja utakutosha zaidi ya mwezi kwa kujazia peke yake. Maji ya mfereji yakiwa ndiyo pekee uliyonayo, yaache kwenye ndoo wazi saa 24, pampu ya hewa ikiwa inapiga, klorini itoke.

Hiyo itazuia chumvi isipande zaidi. Kuishusha ni jambo la pili, nalo lifanywe polepole, maana kushuka ghafla kunaua sawa na kupanda. Ndiyo sababu ushauri wa mjomba wa kubadilisha maji yote uuweke kando. Kila siku toa lita moja ya maji ya tangi, uitupe, na utie lita moja ya maji yasiyo na chumvi, ukiimimina kidogo kidogo mbele ya mdomo wa pampu ili ichanganyike kabla haijamfikia kaa. Lita moja katika 45 hushusha karibu gramu moja. Kutoka 43 hadi 35 ni siku kumi hivi. Hii ni mbali na ile ya kujazia mpaka mstarini.

Usiende siku kumi kwa kukisia. Nunua kipimo cha chumvi. Refraktomita, inayosoma chumvi kwa mwanga, ndiyo bora; haidromita ya mshale ni rahisi zaidi lakini nyingi huishia 1.030 (namba hizi ni uzito wa maji ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi), na kwa hali ya tangi lenu leo mshale utagonga mwisho na usikuambie kitu hadi siku ya nne au ya tano. Unalotafuta ni 1.025 au 1.026. Mapovu yakinasa kwenye mshale husoma uongo, kwa hiyo gonga kipimo kwa kidole kabla ya kusoma. Ili ujue kama kipimo chenyewe ni cha kuaminika, pima maji mapya ya bahari yaliyotekwa maji yakiwa yamejaa, upande wa bahari kuu, mbali na Mkondo wa Tudor au mahali popote penye mtaro. Yakisoma karibu na 1.026, una kipimo kizuri. Maji hayo hayo ya kujaa, yaliyochujwa kwa kitambaa safi cheupe, ndiyo ya kubadilishia. Baada ya mvua kubwa za masika ngoja siku kadhaa kabla ya kuteka.

Kifuniko hukukosea kukiondoa. Digrii 30 ni nyingi: maji ya moto hubeba oksijeni kidogo, na kaa anayejivua huhitaji oksijeni kuliko siku nyingine zote. Weka feni ndogo ipulize usawa wa maji kutoka saa nne asubuhi hadi jioni. Itashusha digrii mbili au tatu, na 27 au 28 inatosha kabisa. Lakini feni inakausha maji kwa kasi zaidi, pengine maradufu, kwa hiyo ule mstari wa kwenye kioo utauhitaji kweli kweli. Pampu ielekezwe juu ili uso wa maji utikisike kidogo. Umeme ukikatika, pampu ya hewa ya betri ndiyo itakayowaokoa. Ile ya wavuvi wa chambo hai inafaa.

Makombe sasa. Mchokozi wako hana ugomvi na mgonjwa, anataka nyumba yake. Kaa anayejivua hulegeza mshiko wa mkia ndani ya kombe, na mwenzake anaugundua udhaifu huo upesi. Makombe matatu ya vanishi ni sawa na kutokuwa nayo: vanishi na rangi hubanduka majini, na kaa wengi huyakataa. Yatoe. Kwa kaa watano waliobaki weka makombe 15 ya asili, ya ukubwa tofauti. Pima mdomo wa kombe, usipime urefu wake: mdomo uwe mpana kidogo kuliko gando kubwa la kaa unayemlenga, na kati ya hayo 15 matano yawe makubwa zaidi ya wanayovaa sasa, kwa sababu kaa akishajivua ameongezeka. Wa Calcinus hupenda mdomo wa mviringo. Hao wa mistari ya buluu, ambao kwa maelezo yako wanafanana na Clibanarius longitarsus wa mikokoni, hawasumbui kwenye makombe marefu yaliyochongoka.

Yachemshe dakika kumi kwenye maji ya bahari, yapoe, uyatikise kuondoa mchanga uliobaki ndani. Yakague yasiwe na tundu; kaa huyapekua yote kwa magando na lenye tundu kwa kawaida hulikwepa. Kuhusu pa kuyapata, tunajua uko karibu na ufuko: ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986, kuokota makombe ni marufuku, na hata nje yake kila kombe tupu lililoko mwambani kuna kaa anayelingoja. Nunua kwa muuzaji mwenye kibali, na usisitize yasiyosuguliwa wala kupakwa chochote.

Dawa ya buluu. Kama ni mrututu, au dawa yoyote yenye shaba, isikaribie tangi hilo. Kiasi cha shaba kinachoua vijidudu vya vidoa vyeupe kinaua na kaa, konokono na kamba. Ubaya wake mwingine ni kwamba mawe na mchanga wa chokaa huinyonya na kuitoa polepole baadaye, hata baada ya kubadilisha maji, kwa hiyo tangi lililotiwa mrututu haliaminiki tena kwa kaa. Samaki wakihitaji tiba, watolewe wao, watibiwe kwenye ndoo au tangi tupu lisilo na mawe, lenye pampu yake. Tangi kubwa likae bila samaki wiki sita hadi nane ili vimelea vikose wa kumwingia. Kaa hawaugui ugonjwa huo, watabaki humo bila shida.

Aidini inatajwa sana na wauzaji. Msimamo wetu ni kwamba usitie majini kitu usichoweza kukipima, na kipimo cha aidini huna. Lita 10 za maji ya bahari safi huleta aidini ya kutosha, na huleta kalisi na magnesi pia. Badala ya mara moja kwa mwezi, badilisha lita tano kila wiki, ukianza baada ya zile siku kumi. Aidini ya vidonda ya duka la dawa mara nyingi ina pombe ndani yake. Hiyo ndiyo isiingie kabisa.

Kuhusu kumzika kwenye mchanga wenye unyevu: ushauri huo ni wa kweli, ila ni wa kaa wengine. Wale wa nchi kavu, jamii ya Coenobita, unaowaona usiku wakitembea na makombe juu ya mstari wa maji kujaa, hujichimbia mchangani na kukaa huko wiki kadhaa hadi wajivue. Wao wanahitaji mchanga wa kina cha angalau sentimita 15, na kosa kubwa linalowaua ni kuchimbuliwa. Wa kwako ni wa majini. Ukimzika nje ya maji atakufa. Wa nchi kavu naye ukimtumbukiza kwenye tangi lako bila njia ya kupanda juu, atazama.

Chakula ndicho tungekirekebisha cha mwisho, si kwa sababu ni jambo dogo. Mkate uache kabisa, hauna chokaa na unachafua maji. Punje za samaki zinafaa mara moja moja. Kaa anayejiandaa kujivua anataka protini na madini: kipande cha kamba mbichi pamoja na ganda lake, nyama ya ngisi, dagaa wasiotiwa chumvi waliorowekwa, na mwani. Kila kaa apewe kipande cha ukubwa wa punje ya kunde, siku moja ndiyo siku moja hapana, jioni, na mabaki yatolewe baada ya muda wa saa nne. Ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi unaookotwa ufukweni, uliochemshwa na kukatwa kipande cha sentimita tatu, uweke mchangani. Watakwangua wenyewe wanapotaka. Ukija kununua samaki zaidi, kumbuka kwamba bunju na kikande hula kaa, na aliye laini ndiye wa kwanza. Vivyo hivyo yule kaa mkubwa mwekundu mwenye madoa meupe, Dardanus megistos, ambaye wauzaji hupenda kumsifu. Akifika ukubwani atawala wenzake.

Turudi kwa mgonjwa. Siku ya tatu mtilie kipande kidogo cha kamba karibu na mdomo wa kombe. Magando yake yataanza kukaza siku ya pili au ya tatu, na kwa siku saba atakuwa mgumu vya kutosha kukabiliana na mwenye ncha nyeupe, ambaye hapo ndipo utamwachia, makombe mapya yakiwa yameshawekwa. Ukiona kipande cha gamba la zamani bado kimeng'ang'ania mguuni, usikibandue. Ama kitaanguka chenyewe ama atauachia mguu, na mguu si hasara ya kudumu. Gando lililokatika huanza kama kichipukizi kidogo pale penye kiungo. Atakapojivua mara ijayo litatokea gando dogo, lililopauka kuliko la pili yake, na kwa kawaida huchukua mara mbili au tatu za kujivua kufikia ukubwa wa zamani. Mpaka wakati huo mkatie chakula vipande vidogo zaidi, kwa sababu atakuwa anakula kwa gando moja na wenzake watakuwa wanamwahi.